Saa ya gofu kwa kiwanja cha pwani: ushauri wa mbeba mkoba

Mwenye kucheza gofu Mombasa akinijia kuuliza anunue saa gani ya kupimia masafa, humwambia achukue Garmin Approach S12, hata ikiwa ya mkono wa pili, na pesa itakayobaki anunulie mipira. Wengi hustaajabu. S12 haina rangi, haina ramani ya shimo zima, haihesabu mapigo ya moyo, na ilipotoka mwaka 2021 ilikuwa dola 200 hivi za Marekani, wakati S62 iliyoitangulia ilikuwa dola 500. Lakini nashikilia hapo hapo, na kuna sababu. Wako pia watu ambao saa hii haiwafai, nitawafikia.

Mimi ni kedi, yaani mbeba mkoba wa fimbo za mchezaji. Nyumbani ni Likoni, kazi ni ng'ambo, juu ya jabali la Mama Ngina, kwenye kiwanja cha Mombasa Golf Club kilichokuwapo tangu 1911. Ni mashimo tisa, ukitaka kumi na nane unayazunguka mara mbili, na meli zinazoingia Kilindini hupita chini yako karibu hata ukasoma majina yake. Nabeba Nyali pia nikiitwa, na mashindano yamenipeleka hadi Vipingo na Leisure Lodge kule Diani. Sina duka, wala hakuna kampuni inipayo saa. Ninachokijua nimekiona mikononi mwa watu. Nakaa na mchezaji saa nne na zaidi, naiona saa yake inavyofanya kazi juani, kwenye jasho na kwenye upepo, na mara nyingi jibu sahihi ninalo kabla hajageuza kifundo, kwa sababu masafa ya kiwanja changu nimeyapima kwa hatua tangu ujana. Mwishowe nami nikapata yangu, S12 nyeusi, kwa mwanachama mmoja aliyekuwa akihamia saa kubwa zaidi.

Kitu cha kwanza cha kuangalia ni kioo, na usikiangalie chini ya taa za dukani. Toka nje nacho. Jua la saa sita mchana la Mombasa, ukisimama juu ya nyasi na bahari inameremeta mbele yako, hufuta kila kioo kisichojiweza. Vioo vya saa hizi ni vya namna mbili. Kuna kinachotumia mwanga wa jua wenyewe, jua likizidi kuwaka ndipo tarakimu zinapozidi kukolea, kama wino kwenye gazeti. S12, S42 na S62 ni za namna hiyo. Na kuna AMOLED, kinachojiwashia mwanga wake, ndicho kilichowekwa kwenye S70 ya mwaka 2023. Nisiionee S70: kioo chake ni kizuri mno na juani kinasomeka. Ila ili kisomeke lazima kijipandishe mwanga, mwanga unakula betri, na kuokoa betri kioo hujizima ukishusha mkono. Basi namwona mchezaji ameshika fimbo mbili, glavu imelowa jasho, anapinda kifundo mara ya pili na ya tatu kuiamsha. Unaweza kuiamuru isizime kabisa, lakini hapo utaichaji mara kwa mara zaidi. S12 haina habari hizo. Tarakimu ziko pale muda wote, nyeusi, na kuna mpangilio wa tarakimu kubwa kwa wazee wetu wasiotaka kutoa miwani ya kusomea kila mkwaju.

Habari ya miwani nayo ni muhimu. Miwani ya jua yenye vioo vya kukata mng'ao wa maji, wanayoipenda wavuvi na wachezaji wa pwani, hufanya baadhi ya vioo vya saa vionekane vyeusi ukivitazama kwa pembe fulani. Nenda dukani na miwani yako, vaa, geuza mkono huku na huku. Muuzaji akikuharakisha, muage.

Betri ni sehemu ambayo watu huisoma kwenye boksi na kuisahau. Garmin wanaitaja S12 kuwa inakaa hadi saa 30 GPS ikiwa imewashwa, S62 hadi 20, S42 hadi 15, S70 kubwa 20 na S70 ndogo 15. Mzunguko wa mashimo 18 ni saa nne, nne na nusu mkikuta watu mbele. Kwa hiyo hata ya saa 15 inatosha ikiwa mpya. Lakini betri huzeeka, na umeme wetu huenda usiku ule ule uliopanga kuchaji kwa mashindano ya asubuhi. Mwenye S12 hulala usingizi, anajua ana mizunguko kadhaa iliyobaki.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Saa ya gofu hukupa namba tatu: mwanzo wa grini (uwanja wa nyasi fupi wenye bendera na kishimo), katikati na mwisho wake. Watu wanafikiri saa inaiona bendera. Haiioni. Inachofanya ni kusikiliza setilaiti zilizo kilomita 20,200 hivi juu yetu, kukokotoa wewe umesimama wapi duniani, halafu kulinganisha mahali hapo na ramani ya kiwanja iliyokuwa imehifadhiwa ndani yake. Ndiyo maana haihitaji intaneti ukiwa uwanjani, na ndiyo maana lazima uipe muda wa kuzitafuta setilaiti asubuhi. Iwashe ukiwa nje, penye uwazi, wakati unafunga viatu, usingoje mpaka uko kwenye tii ya kwanza, pale pa kuanzia kupiga, watu wanakungoja. Hata ikishatulia, tegemea kosa la mita tatu hadi tano. Kwa hiyo mtu anayebishana nami kwamba ni 137 na si 139 anapoteza pumzi. Kati ya fimbo moja na nyingine kuna mita kumi au zaidi, saa inatosha kabisa kukwambia ni fimbo ipi.

Kwenye hizo namba tatu, wachezaji wengi wa kwetu hutazama ya katikati tu. Nawasihi watazame zote. Grini yenye kina cha mita 25 ina fimbo mbili ndani yake. Bendera ikiwa mbele na wewe umepiga namba ya katikati, utakuwa juu ya grini lakini mbali, na utahitaji mikwaju mitatu kuingiza. Ikiwa nyuma ya grini kuna jabali na chini yake bahari, namba ya mwisho ndiyo ya kuogopwa, usiivuke hata ukiwa na hasira na shimo lililopita. S12 hukuruhusu kuisogeza bendera kwenye picha ndogo ya grini, ukiona kwa macho kwamba leo imewekwa nyuma unaisogeza nyuma na namba inabadilika. Ni sekunde chache. Sijaona mtu aliyejifunza jambo hilo akaliacha.

Ramani yenyewe pia iangalie. Kabla hujatoa hata shilingi, ingia kwenye orodha ya viwanja ya kampuni, zote kubwa zinayo, utafute viwanja vyako kimoja kimoja kwa jina. Kampuni itakwambia ina viwanja zaidi ya 40,000 duniani, na ni kweli, lakini wewe huchezi 40,000. Unacheza viwili vitatu, na hivyo ndivyo vinavyopaswa kuwemo na kuwa sahihi. Nimembebea kijana mmoja mwenye saa ya bei nafuu, ya jina nisilotaka kulitaja, ambayo grini ya shimo moja ilikuwa imechorwa pembeni kabisa ya ilipo kweli. Saa ilimpa 120, mimi nikamwambia 140. Alinitazama, akaitazama saa, akaniamini mimi, na mpira ukakaa. Kosa halikuwa la setilaiti, mchoraji ndiye aliyekosea. Saa za majina makubwa hurekebishwa ramani mara kwa mara kupitia simu, bila malipo, na hilo peke yake linatosha kunifanya niziepuke zile za rahisi sana.

Halafu upepo. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo saa zote, ya dola 200 na ya dola 700, karibu hulingana.

Kiwanja chetu kiko uchi mbele ya bahari. Kusi ikishaingia, kuanzia Aprili au Mei na kukaza Juni, Julai na Agosti, upepo hutoka baharini moja kwa moja, una unyevu na una nguvu, na mpira uliopigwa juu kuukabili husimama hewani kisha ukaanguka. Kaskazi, Desemba hadi Machi, hutoka upande wa Nyali na kukupitia ubavuni kwenye mashimo mengi, nao hausimamishi mpira, unauhamisha. Katikati yake kuna siku za maleleji, upepo haujaamua, asubuhi unatoka bara na saa nne umeshageuka. Saa itakupa mita 145 Julai na mita 145 Februari, kutoka sehemu ile ile hadi grini ile ile. Namba ni sahihi siku zote mbili. Fimbo si moja.

Kuna mzee mmoja, mwanachama wa siku nyingi, ambaye tumezoeana namna hii. Anauliza, "Mwanangu, saa yasema 145. Wewe wasemaje?" Namjibu, "Ni 145 mzee, lakini cheza 160." Ananyamaza, anatazama majani ya mnazi, anatoa fimbo namba 5, ipelekayo mpira mbali zaidi, pale ambapo namba 7 ingemtosha siku tulivu. Saa yake inaniondolea kazi ya kubishana juu ya masafa, basi mazungumzo yetu yote yanabaki kwenye upepo, ambako ndiko yanakotakiwa kuwa. Makedi wengine wanazichukia saa wakidhani zitawatoa kazini. Mimi nawaambia vijana wangu wazipende. Mchezaji mwenye namba sahihi mkononi husikiliza vizuri zaidi ukimwambia habari ya upepo.

S62 na S70 zina kitu kinachoitwa kedi wa mtandaoni. Hukusanya mikwaju yako, hujua kila fimbo inakupeleka wapi, na kwenye shimo hukupendekezea fimbo, hata upepo hujaribu kuuhesabu. Nimekitazama kwa makini kwa sababu kinabeba jina la kazi yangu. Kwa mtu anayecheza peke yake kiwanja kigeni, kinasaidia. Lakini kina udhaifu mmoja unaoonekana sana hapa kwetu, nao ni wageni kutoka Nairobi. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake nyepesi, mpira husafiri mbali. Mtu akikusanya takwimu za fimbo zake huko miezi na miezi, kisha ateremke Mombasa kwenye hewa nzito ya bahari, namba zake zote zinamzidishia uwezo. Wiki ya mashindano wakija wageni, mikwaju yao ya siku ya kwanza huishia mbele ya grini, mmoja baada ya mwingine. Nawaambia mapema, "Bwana, huku ongeza fimbo moja." Waungwana hukubali baada ya shimo la pili. Ukiwa wa Nairobi na unasoma haya, fanya hivyo hata kama saa yako imekwambia vingine.

Na mashindanoni kitu hicho kina hatari nyingine. Tangu 2019 kanuni za gofu zinaruhusu kifaa cha kupima masafa, isipokuwa kamati ikikataza kwa kanuni ya kiwanja. Lakini ni masafa tu. Kifaa kisikupimie mwinuko na mteremko, kisikupimie kasi ya upepo, wala kisikuchagulie fimbo kulingana na mpira ulipo. Ukikitumia hivyo kwenye mashindano ya kuhesabu mikwaju, mara ya kwanza ni adhabu ya mikwaju miwili, mara ya pili umeondolewa. Saa kubwa zina mpangilio wa mashindano unaozima hayo yote, na mwenye nayo ni lazima ajue uko wapi na auwashe kabla ya tii ya kwanza. S12 haina cha kuzima. Haikupi mteremko, haikuchagulii fimbo. Kwenye kiwanja tambarare kama cha pwani, kulipia kipimo cha mteremko hakuna maana sana hata siku za kawaida, ingawa anayecheza Limuru, kule kwenye vilima, atanipinga, na atakuwa na haki.

Mwaka 2021 wakuu wa PGA Championship waliruhusu vifaa vya masafa kwa mara ya kwanza kwenye mashindano makubwa, kule Kiawah Island, kiwanja cha ufukweni chenye upepo kama wetu. Namba walikuwa nazo wote. Akashinda Phil Mickelson, mtu wa miaka 50, akiwa mzee kuliko bingwa yeyote wa mashindano makubwa aliyemtangulia. Huwa nawahadithia vijana wanaojifunza kubeba, wajue kwamba namba peke yake haishindi.

Chumvi na jasho. Saa za gofu hutengenezwa na watu wasioishi Likoni. Kuzuia maji si tatizo, S12 imepimwa kwa mita 50, mvua ya masika haiifanyi kitu. Tatizo liko nyuma yake, kwenye vile vidoti vya chuma vya kuchajia. Jasho na hewa ya bahari hukauka pale, chumvi hujenga utando wa kijani, siku moja unaweka kwenye chaja na hakuna kinachotokea. Watu huitupa saa wakidhani betri imekufa. Dawa ni ndogo: ukimaliza mzunguko isuuze kwa maji baridi ya bomba, ifute kwa kitambaa laini, iache ikauke kabla ya kuichaji. Usiichaji ikiwa na unyevu, hapo ndipo kutu inapoanza. Ukanda wa mpira nao, kwa joto letu, huwatoa wengi vipele kwenye kifundo. Legeza tundu moja, au badilisha uweke wa kitambaa kilichofumwa, unapitisha hewa na unafulika. Wa ngozi usijaribu, utaoza na kunuka kabla ya mwaka kwisha. Hakikisha tu kwamba ukanda wa saa uliyoichagua unatoka na wa kubadilisha unapatikana.

Uzito nao unahisika. S12 ni gramu 34 hivi, S62 ni karibu 61. Mezani haionekani tofauti, lakini mtu wa mkono wa kulia huvaa glavu mkono wa kushoto na saa mkono huo huo, na ile kubwa hugusa ukingo wa glavu, wengine inawagonga nyuma ya kiganja wakipandisha fimbo. Kuna daktari mmoja, mama mwenye kifundo chembamba, aliyeletewa na mumewe saa kubwa. Alicheza nayo kwa adabu ya ndoa mashimo matatu, kisha akaivua na kunipa niivae mimi, akawa ananiuliza namba. Sasa ana S70 ndogo, ya milimita 42, na imemkaa vizuri. Yeye ndiye mfano wangu wa mtu ambaye S12 haimfai: anakimbia asubuhi pale Mama Ngina, anafuatilia usingizi wake na moyo wake, anataka saa moja ya kuvaa mchana kutwa kazini. Kwake S70 ni pesa iliyotumika vyema.

Mwingine asiyefaa kunisikiliza ni msafiri. Ukicheza Vipingo leo, Nyali kesho, mwezi ujao uko Karen kule Nairobi, unakutana na mashimo yanayokunja usiyoyaona mwisho wake. Vipingo hasa, kile kiwanja kiliwahi kuwapokea wanawake wa Ulaya kwenye Magical Kenya Ladies Open, na anayekiingia mara ya kwanza hufaidika sana na ramani ya rangi inayomwonyesha banka, shimo la mchanga, lililojificha na mahali pa kuupeleka mpira. S62 humpa hiyo. Ya mkono wa pili siku hizi bei yake imeshuka, na kioo chake ni kile kinachopenda jua.

Kwa mwanafunzi, kijana anayetaka kushusha handikapu, ile namba ya kiwango chake cha mchezo, ningetazama Shot Scope, watengenezaji wa saa wa Edinburgh. V3 yao inakuja na vidude vya kuskurubu kwenye mwisho wa kila fimbo, havina betri, na saa hujua yenyewe ni fimbo gani uliyopiga na mpira ukaenda wapi. Baadaye unayasoma kwenye simu na hulipi ada ya mwaka. Namba za saa yenyewe ni zile zile tatu. Ninachopenda ni kwamba inamwonyesha kijana ukweli: anaamini namba 7 yake ni 150 kwa sababu aliwahi kuifikisha mara moja, saa inamwonyesha kwamba kwa kawaida ni 135.

Apple Watch na programu kama Golfshot au Hole19 zinafanya kazi, na kama saa tayari unayo, anza nayo kabla ya kutoa pesa nyingine. Ichaji ijae kabisa asubuhi, maana GPS huinywa betri.

Darubini ya leza ni habari nyingine. Inapiga bendera yenyewe, na kwa usahihi hakuna saa inayoifikia. Kwenye grini zetu za ukingoni, ambako nyuma ya bendera ni anga tupu, inashika haraka. Lakini inataka mikono miwili iliyotulia, na Julai, upepo unakutikisa mwili mzima, nimeona watu wakipima mara nne. Haikupi mwanzo wala mwisho wa grini, na ukiwa nyuma ya mbuyu haikupi kitu. Mwenye uwezo awe na vyote viwili. Mwenye uwezo wa kimoja, achukue saa.

Ukinunua mpya kwa kuagiza, kumbuka bei ya mtandaoni si bei ya mlangoni. Kuna ushuru na VAT ya asilimia 16 juu yake. Ndiyo maana nasema mkono wa pili si aibu, na wanachama wa klabu hubadilisha saa mara nyingi, uliza chumba cha kubadilishia nguo kabla hujaenda madukani. Ila iangalie vizuri. Geuza uone vile vidoti vya kuchajia viking'aa. Dai chaja yake halisi, kwa sababu haiingiliani na ya simu, na ukiikosa utaingoja kutoka ng'ambo. Mwambie mwenyewe aiondoe kwenye akaunti yake mbele yako, uiunganishe kwenye simu yako hapo hapo.

Kisha nenda naye uwanjani, kwenye kigingi cha 150, kile kinachoonyesha masafa yaliyobaki hadi grini. Kwanza fungua mipangilio uone inasoma mita au yadi, maana viwanja vingine kadi zao ni mita na vingine yadi, na mita 150 ni yadi 164, fimbo nzima na zaidi. Linganisha na kigingi. Tembea hatua ishirini kuelekea grini, polepole, uone namba inakufuata au imeganda. Rudi nyuma uone inarudi. Ikiwa inakwenda nawe na tofauti na kigingi haizidi mita tano, mpe pesa yake.